Rejeta ya safu ngapi?

Ukiingia Gerezani, mtaa wa spea za magari hapa Dar, na rejeta iliyotoboka, swali la kwanza utakalokutana nalo ni la safu za mirija iliyomo ndani yake. "Ya safu ngapi, bosi? Tatu? Chukua ya nne, hutachemsha tena mpaka unauza gari." Anayekuambia hivyo hajaliona gari lako. Hajui injini yake, wala hajui kama safari zako zinaishia Mbezi au zinafika Ifakara. Simlaumu. Sisi wanunuzi ndio tuliomzoesha. Tunanunua rejeta kama mtu anayenunua kiatu kwa kuhesabu matundu ya kamba.

Ninaendesha Land Cruiser ya mwaka 1993 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo (turbo). Mikononi mwangu limeshapita rejeta tatu. Ya kwanza ilikufa kwa uzee, ya pili niliinunua kwa kusikiliza hesabu ya safu, ya tatu ndiyo iliyopo. Mengi ninayoyaandika hapa nimefundishwa na hiyo ya pili, na fundi mmoja mzee wa Ilala ambaye kabla ya kunigusia bei aliniuliza: "Linachemsha wapi?"

Swali lake ndilo lenye maana, lakini ili lieleweke inabidi kwanza tujue rejeta inafanya nini. Takriban theluthi moja tu ya nishati ya dizeli ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya inayobaki hubebwa na maji. Maji hayo ya moto huingia rejeta kwa mpira wa juu, hushuka ndani ya mirija bapa, na mirija hupasha mapezi membamba yaliyoshikana nayo. Hewa ikipita kati ya mapezi inaondoka na joto, na maji yaliyopoa hurudi kwenye injini kwa mpira wa chini. Mirija na mapezi kwa pamoja ndiyo nitakayoita kiini.

Kwa hiyo kuna mikondo miwili, wa maji na wa hewa. Gereji nyingi hushughulika na wa maji kwa sababu ndio unaovuja na kuacha alama sakafuni. Wa hewa hauonekani, na kwa gari lililokwisha kupita mikono mitano ya mafundi ndio unaopungua zaidi.

Linachemsha wapi?

Gari linalochemsha kwenye foleni ya Buguruni saa kumi na moja jioni, kisha likapoa lenyewe ukishapata mwendo, halina haja ya rejeta kubwa zaidi. Linakosa hewa pale linaposimama, na mwenye jukumu la hewa ya kusimama ni feni. Kwenye Toyota za aina hii feni haikukazwa moja kwa moja. Imeshikwa na klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo ikipata joto inabana na feni inazunguka kwa nguvu. Mafuta yakivuja klachi inateleza. Zima injini iliyopata moto, kisha zungusha feni kwa mkono: ikizunguka kwa urahisi kama pangaboi, umeshampata mgonjwa.

Linalochemsha kwa mwendo mkubwa au kwenye mlima, huku foleni ikilivumilia, hilo linaelekeza kwenye rejeta, au kwenye kitu kinachozuia maji yasizunguke. Mpira wa chini uliochoka, kwa mfano, hunywea injini ikikazwa na kubana njia. Na lile linalokunywa maji bila kuonyesha pa kuvujia, ukifungua mfuniko asubuhi injini ikiwa baridi na kuiwasha unaona mapovu hayakomi, usilinunulie rejeta kabisa kabla ya kupima gasketi ya silinda hedi. Nimeona mtu amebadilisha rejeta mbili kwa ugonjwa wa gasketi.

Njia ya kujua kama kiini kimeziba ni nyepesi siku hizi. Zile bastola za kupimia joto tulizonyooshewa usoni milangoni mwaka 2020 zilitengenezwa kwa joto la mwili tu, lakini ndugu zao za viwandani zinauzwa mjini na zinafika mbali. Washa gari lipate moto, lizime, kisha lenga sehemu moja moja ya kiini. Joto hupungua polepole kutoka maji yanakoingia hadi yanakotokea. Ukikuta kipande kimepoa ghafla katikati ya vilivyo moto, mirija ya hapo haipitishi kitu. Kisha bonyeza mapezi kwa ukucha. Kwa gari lililoishi Kigamboni au Msasani, chumvi ya bahari huyala taratibu, na yakisagika kama biskuti hakuna kuosha kutakakosaidia.

Kabla hujatoa hela kubwa, badilisha mfuniko. Juu yake pameandikwa namba. Kwa Land Cruiser nyingi za umri huu ni 0.9, yaani kilo 0.9 kwa sentimita mraba. Maji yaliyo wazi hapa Dar huchemka kwa nyuzijoto 100, lakini kwa mgandamizo huo yanafika karibu 119 kabla ya kuchemka. Mfuniko wenye mpira uliokauka unakunyang'anya zile 19 zote. Ukipanda Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye 95 hivi, kwa hiyo hasara inaanzia chini zaidi. Wapo wanaofunga mfuniko wa 1.1 wakidhani wanaongeza nguvu. Wanachoongeza ni msukumo kwenye viungo vya rejeta yenye miaka thelathini.

Na themostati, ile vali inayofungua njia ya kwenda rejeta maji yakipata moto, irudishwe. Najua, fundi aliitoa akasema nchi ya joto haiihitaji. Kwenye injini kama ya 1HZ, themostati ina mlango wa pili: inapofungua njia ya kwenda rejeta, inafunga ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji haifiki rejeta hata siku moja. Umeondoa kitu ili gari lipoe, nalo likapata sababu mpya ya kuchemsha.

Hesabu ya safu inavyodanganya

Nije kwenye rejeta yangu ya pili. Ilikuwa nene, safu nne, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Kwa kuwa ilikuwa nene, kava la feni halikuingia. Fundi aliyeifunga akalitupa pembeni: "Hili ni pambo tu, kaka." Mjini halikuleta shida. Mwezi uliofuata nikaelekea Iringa, na pale Kitonga, nyuma ya msururu wa malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mshale wa joto ukaondoka katikati. Nilimaliza mlima kwa vituo vitatu, hita imewashwa hadi mwisho ili ivute joto la injini, madirisha wazi, nikilowa jasho.

Kilichotokea kinaelezeka. Hewa inapopita safu ya kwanza inapata joto. Safu ya pili inapozwa na hewa iliyokwisha kuwa vuguvugu, ya tatu na ya nne zinapata mabaki. Kila safu unayoongeza inaleta faida ndogo kuliko iliyotangulia, huku unene ukizidi kuizuia hewa isipenye. Kwenye barabara ya wazi upepo wa mwendo unaisukuma na husikii tofauti. Kwenye mlima mkali nyuma ya lori hakuna upepo wa mwendo, injini iko kwenye mzigo mkubwa kuliko wote, na kila kitu kinategemea feni. Feni yangu, bila kava, ilikuwa inavuta hewa ya pembeni, ile ile iliyokwisha pashwa na injini, maana hewa hupita penye wepesi. Kava ndilo linaloilazimisha kupita kwenye kiini. Mapanga ya feni yakae karibu nusu ndani ya kava na nusu nje, na likiwa limepasuka lishonwe kwa waya, lakini liwepo.

Kinachopoza kwanza ni eneo la uso, upana kwa kimo. Kama nafasi ya mbele inaruhusu kiini kipana zaidi, hapo ndipo pa kuongeza. Baada ya hapo unaangalia msongamano wa mapezi. Mapezi yaliyobanana sana hupoza vizuri barabara ya lami, lakini ukiingia kwenye nyasi ndefu za kuelekea Saadani mbegu na vumbi huyajaza kwa siku moja. Gari la porini linataka mapezi yenye nafasi kidogo, yanayoweza kuoshwa kwa maji ya mpira kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mimi hufunga kipande cha wavu wa mbu wa dirishani mbele ya grili nikienda kwenye nyasi, na hukitoa nikirudi lami.

Shaba au aluminiamu

Hapa ndipo ubishi wa vijiweni unapokuwa mrefu, na pande zote mbili huwa na nusu ya ukweli.

Shaba nyekundu hupitisha joto zaidi ya mara moja na nusu ya aluminiamu. Hilo ni kweli, na wapenzi wa shaba huishia hapo. Lakini rejeta ya kizamani haikutengenezwa kwa shaba nyekundu tupu. Mapezi ndiyo ya shaba nyekundu. Mirija na matangi ni ya shaba ya njano, ambayo hupitisha joto kidogo kuliko aluminiamu, na kati ya mirija na mapezi kuna lehemu ya risasi na bati, ambayo ni mbaya zaidi katika kazi hiyo. Aluminiamu kwa upande wake inaunganishwa kiwandani kwa joto kali bila lehemu ya risasi, na mirija yake inaweza kuwa mipana bila kuvimba. Rejeta ya aluminiamu yenye safu mbili za mirija mipana inaweza kusimama sawa na ya shaba yenye safu tatu au nne nyembamba. Ndiyo maana kulinganisha safu za madini mawili tofauti ni kazi bure. Ongeza kwamba shaba kwa ujazo ule ule ni nzito zaidi ya mara tatu, na unaelewa kwa nini viwanda viliiacha.

Kama hoja ni kupoza tu, basi, aluminiamu nzuri haina cha kuonea aibu. Hoja kwangu ni nyingine: siku itakapotoboka, nitakuwa wapi, na nani atakuwepo?

Rejeta ya shaba ikitoboka Mahenge au Kilwa, karibu kila mji una mtu mwenye gesi na lehemu. Ataichomoa, atapata tundu, ataziba, utaondoka. Aluminiamu inahitaji mashine ya kuchomelea yenye gesi ya argoni na mkono uliozoea. Dar watu hao wapo, ukishatoka Chalinze unawatafuta kwa tochi. Na zile nyingi zinazouzwa sasa, kiini cha aluminiamu na matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya chuma kuzunguka kingo, zikipasuka tangi hakuna kuchomelea. Plastiki hiyo huanza ikiwa nyeusi, ikizeeka kwa joto inageuka kahawia, kisha siku moja shingo ya mpira wa juu inabaki mkononi mwako. Barabara yenye makorongo madogo madogo ya mfululizo huharakisha hayo, kwa sababu chasi ya gari la porini hujipinda na rejeta hupinda nayo kama raba za chini zimekwisha.

Aluminiamu ina adui mwingine hapa kwetu, nayo ni maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na klorini iliyomo kwenye chumvi hutoboa aluminiamu kwa vitundu vidogo kama vya sindano. Waya wa ethi uliolegea hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa umeme hutafuta njia ya kurudi kupitia maji ya rejeta. Pima: mita ya volti, ncha hasi kwenye hasi ya betri, ncha chanya ndani ya maji bila kugusa chuma. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, tengeneza ethi kabla ya kufunga rejeta mpya, la sivyo utarudi Gerezani mapema.

Kiini kipya kwenye matangi ya zamani

Kuna njia ambayo muuza spea hatakutajia kwa sababu haiuzi boksi. Fundi rejeta anaweza kuyatoa matangi yako ya shaba ya juu na chini, kuyasafisha, na kuyafunga kwenye kiini kipya. Faida yake haipo kwenye bei tu, ambayo mara nyingine haitofautiani sana na rejeta mpya ya bei rahisi. Faida ni kwamba kila kitu kinabaki mahali pake: shingo za mipira, masikio ya kufungia, matundu ya kava la feni. Vipimo vya kiwandani vinabaki vyako.

Kubaliana na fundi mambo matatu kabla hajawasha gesi. Unene wa kiini kipya uwe kama wa zamani. Mirija iwe mingi kama ya zamani, uihesabu mwenyewe, kwa sababu viini vyenye mirija iliyoachana vipo na kwa mbali vinafanana. Na ajaze maji na kuijaribu kwa upepo mbele yako kabla ya kupaka rangi. Rangi ije mwisho, tena nyembamba, kwani rangi nene ni blanketi.

Kuchokonoa, yaani kufungua tangi na kupitisha fito nyembamba ndani ya mirija ili kutoa kutu, kunafaa kama mapezi bado mazima. Kuziba mirija inayovuja kwa lehemu pia ni huduma ya kawaida, lakini kila mrija uliozibwa ni mrija uliokufa. Ndiyo kasoro ya rejeta nyingi za mtumba. Ukiangalia kwa juu kupitia mdomo wa mfuniko, kwa tochi, utaona vichwa vya mirija: vilivyo wazi, na vile vilivyofunikwa na tone la risasi. Rejeta ya mtumba yenye matone kumi ni mzigo wa mtu mwingine. Kwaruza pia rangi kwa msumari mahali pasipoonekana, ujue ni njano (shaba) au nyeupe (aluminiamu), maana rangi nyeusi inaficha yote mawili.

Ukiamua kununua mpya

Nenda na ya zamani begani, siyo na picha ya simu. Land Cruiser mbili zinazofanana kwa bodi zinaweza kuwa na rejeta tofauti kwa sababu ya injini: ya 1HZ, ya tabo, na ya petroli hazilingani, na gia ya otomatiki huongeza kingine. Ndani ya tangi la chini la gari la otomatiki kuna kipozeo cha oili ya gia chenye mabomba mawili. Ukiweka rejeta isiyo nacho, gia boksi itachemka. Ukiweka ya mtumba ambayo kipozeo chake kimetoboka ndani, oili na maji vitachanganyika hadi kufanana na chai ya maziwa, na hapo utakuwa unanunua gia boksi. Kwa sehemu halisi za Toyota, namba ya rejeta nzima huanza na 16400. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha injini na gia, kwa hiyo soma namba yote.

Wenye Land Rover za Tdi, yaani dizeli yenye tabo, wana mtihani wao. Kipozeo cha oili ya injini kimo ubavuni mwa rejeta hiyo hiyo, na nati za mabomba yake hushikana na shingo kwa kutu. Loweka kwa mafuta ya kulegeza tangu jana yake, na shika kwa spana mbili, vinginevyo utang'oa na shingo.

Kwa gari linaloishi mjini na kufika Bagamoyo wikiendi, ningenunua aluminiamu yenye matangi ya plastiki kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, nikabadilisha raba zote za kukalia, na kusahau. Kwa linalobeba watu kwenda mbali na lami, ningetafuta kiini cha shaba cha unene wa kiwandani, kama ninavyofanya sasa. Aluminiamu tupu iliyochomelewa matangi na yote ni nzuri kwa aliyeongeza tabo au nguvu, mradi awe amepima kava la feni kwanza.

Siku ya kufunga, jaza maji yaliyosafishwa yaliyochanganywa na kulanti, theluthi moja hadi nusu. Sisi hatuna barafu ya kugandisha maji. Tunachokitafuta kwenye kulanti ni dawa ya kutu. Maji ya betri ya kuongezea yanafaa, ila soma chupa vizuri usije ukamimina asidi. Usichanganye kulanti za rangi na aina tofauti, na kwa rejeta ya shaba muulize muuzaji kama aina hiyo inakubali lehemu ya risasi, kwa kuwa baadhi za kisasa hazikutengenezwa kwa ajili yake. Acha injini inguruke mfuniko ukiwa wazi na hita imefunguliwa mpaka themostati ifungue na mapovu yaishe. Siku ya pili, injini ikiwa baridi, fungua tena uangalie kimo. Karibu kila mara kutakuwa kumeshuka kidogo. Usingoje mshale ukuambie. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo mshale huganda katikati kwa kiwango kipana cha joto, na maji yakiisha kabisa kipimo kinabaki hewani na kusoma uongo.

Ile ya zamani usiiache gereji. Mnunuzi wa chuma chakavu ataipima kwa kilo na kukupa hela ya soda, kumbe yale matangi mawili ya shaba ndiyo utakayoyahitaji safari ijayo. Yangu yamekaa stoo juu ya kabati, yamefungwa kwenye gunia, na namba ya gari imeandikwa kwa chaki.